Orodha ya Kumi Bora

Jumapili ya tarehe 29 Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanyika Novemba iliyotangulia. Waandishi wa habari waliokwenda kuyapokea walipewa takwimu walizozizoea: waliofaulu na walioshindwa, wavulana na wasichana, somo lililopanda na somo lililoshuka. Kitu kimoja hawakupewa. Hawakupewa majina ya shule kumi bora wala ya wanafunzi kumi bora kitaifa. Ndugu Athumani Amasi, aliyelisemea Baraza siku ile, alieleza kwamba utaratibu huo umeachwa kwa kuwa hauna tija, kwamba ulikuwa kama kuzipigia debe baadhi ya shule, na kwamba si haki kuwashindanisha watoto waliosoma katika mazingira yasiyolingana.

Habari hiyo ilijadiliwa kwa siku nne tano, kisha ikazikwa na habari nyingine, kama ilivyo desturi. Mimi sijaacha kuifikiri. Kila Januari, yanapotoka matokeo mapya, huikumbuka tena, kwa sababu naona kwamba katika mjadala ule waliosifu na waliolaumu wote walikuwa wanatazama mahali pamoja, na mahali penyewe sipo.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisomea ualimu katika Chuo cha Ualimu Mpwapwa, nikashika chaki miaka mingi, na miaka ya mwisho nikawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Sasa nimetulia hapa Msalato. Nina mizabibu michache, nina mbuzi, na asubuhi nina magazeti. Nasema magazeti, lakini kwa kweli huyasikiliza tu, maana siku hizi gazeti husomwa redioni. Mtangazaji huchukua ukurasa wa mbele, hutaja kichwa cha habari, hucheka kidogo na mwenzake, huchukua gazeti jingine. Ni kama mtu anayekusomea majina ya vyakula mlangoni mwa hoteli kisha anakuaga. Kilichomo ukurasa wa tano hukijui, na habari za elimu, zikiandikwa, huwa ukurasa wa tano.

Isipokuwa siku moja kwa mwaka. Siku ya matokeo elimu ilipanda ukurasa wa mbele, na iliyoipandisha ilikuwa ile orodha ya kumi bora. Tuikumbuke ilivyokuwa. Kwanza shule: St Francis Girls ya Mbeya, Kemebos ya Kagera, Feza za Dar es Salaam, seminari kadhaa, na mara mojamoja shule ya serikali ya vipaji maalumu. Hapa kwetu ipo moja ya namna hiyo, Msalato Sekondari ya wasichana, na siwezi kukana kwamba wasichana wake wakifanya vizuri hata sisi wazee tusiowajua tunatembea tumenyoosha shingo. Kisha wanafunzi. Aliyeongoza nchi nzima vijana walimwita Tanzania One. Waandishi walimfuata nyumbani hata kama ni porini. Wakamkuta mama analia kwa furaha, baba anamshukuru Mungu na walimu, mtoto mwenyewe kavaa shati la kuazima, anaulizwa siri ya mafanikio. Siri ilikuwa ileile kila mwaka: kumtanguliza Mungu, kusoma kwa bidii, kushirikiana na wenzake. Anataka kuwa nani? Daktari. Au mhandisi. Au rubani. Wiki mbili baadaye jina lake lilikuwa limesahauliwa, na ukurasa ulirudi kwa wasanii na wachezaji wa mpira.

Sina ugomvi na wasanii. Msanii ameutafuta umaarufu mwenyewe. Ni duka lake, na anapoamka kukuta picha yake gazetini anajua ni kwa nini. Mtoto wa miaka kumi na saba alikaa tu akafanya mtihani. Kumfanya staa wa wiki mbili, kisha kumwacha aanze kidato cha tano huku kila mwalimu mpya akimsubiri ateleze, sikuona kama ni zawadi. Kwa hiyo Baraza lilipoacha, nilikubali. Na mwezi uliofuata, Februari 2023, nilipomsikia Rais akiahidi kununua kwa shilingi milioni 5 kila goli watakalofunga Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, nilicheka peke yangu. Taifa linalopenda kuhesabu washindi halikosi wa kuwahesabu. Tena mpira ni mashindano kweli, na goli ni goli.

Lakini tuwe wakweli. Orodha haikufa. Pita barabara kuu ya kwenda Arusha, au ile ya Dar es Salaam, utazame mabango. Shule moja imebandika picha za watoto wake waliopata daraja la kwanza. Ya pili imeandika kwamba haina daraja la tatu. Ya tatu imeweka idadi ya waliopata alama saba, ambazo ndizo za juu kabisa. Zamani aliyekuwa wa kwanza alikuwa mmoja. Sasa kila mwenye shule ni wa kwanza. Na kwa kuwa matokeo ya kila shule yamewekwa wazi katika tovuti ya Baraza, mtu yeyote mwenye kompyuta na subira anaweza kuzipanga shule zote kwa jioni mbili. Kilichoondoka ni sauti ya Serikali kuitamka orodha. Serikali yenyewe, kwa njia yake, bado inachagua walio bora: ufadhili unaoitwa Samia Scholarship hupewa waliofanya vizuri katika masomo ya sayansi kidato cha sita, na hilo sioni ubaya wake, kwa sababu mtoto hupewa ada na si kamera.

Kwa miaka kadhaa ilitangazwa pia orodha ya pili, ambayo watu hawakuililia ilipoondoka. Hiyo ilikuwa ya shule kumi za mwisho. Ilikuwa aibu, tena aibu isiyo na huruma, maana mara nyingi ilikuwa shule ya kata yenye walimu watatu wa sayansi kwa watoto mia tatu, au isiyo nao kabisa. Hata hivyo nitasema jambo ambalo wenzangu hawapendi kulisikia: katika nchi hii aibu huleta gari. Shule ikitajwa katika kumi za mwisho, juma lile ofisa alifika, akauliza walimu wangapi, maabara iko wapi, watoto wanalala wapi. Shule ya kumi na moja kutoka mwisho, yenye shida zilezile, haikufikiwa na mtu.

Na ilipotokea kwamba nchi nzima ndiyo ya mwisho, tuliona siasa ilivyokimbia. Tarehe 18 Februari 2013 Waziri wa Elimu wa wakati ule, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya mtihani wa 2012: zaidi ya watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Hawa walikuwa watoto wa shule za kata, zile zilizojengwa kwa maelfu kuanzia mwaka 2006, ukuta kwanza, walimu baadaye. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mwezi Mei, hapa Dodoma, Serikali ikaliarifu Bunge kwamba matokeo yale yamefutwa na alama zitapangwa upya. Zikapangwa. Idadi ya waliofaulu ikapanda bila mtoto hata mmoja kushika kalamu tena. Baadaye ukaja mtindo wa wastani wa alama ulioitwa GPA, ukadumu muda mfupi, na mwaka 2016 tukarudishiwa madaraja yetu ya zamani. Mtu mwenye homa aliyebadilishiwa kipimajoto mara tatu ana haki ya kuuliza dawa iko wapi.

Baraza letu si taasisi changa. Nchi ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na la kwetu likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. (Mitihani ilianza mara moja. Makao makuu yalihitaji muda zaidi.) Kuhesabu linajua. Tatizo langu si hesabu yake. Ni swali ambalo sisi wasomaji wa habari hatujalizoea kuliuliza.

Turudi kwenye matokeo ya Januari 2023. Asilimia iliyotangazwa kila redio ilikuwa 87.79. Watahiniwa wa shule 456,975 walifaulu kati ya 520,558 waliofanya mtihani. Ni idadi ya kufurahisha, na watu walifurahi. Mimi nina ugonjwa wa walimu wakuu wa shule za msingi: nikiona watoto wa kidato cha nne nauliza walitoka kwangu lini. Walitoka darasa la saba mwaka 2018. Nikaingia kwenye daftari langu, maana takwimu za namna hii huzinakili. Mwaka 2018 waliofanya mtihani wa darasa la saba walikuwa 943,318. Waliofaulu walikuwa 733,103, asilimia 77.72. Desemba ile ikatangazwa kwamba 133,747 miongoni mwa hao waliofaulu wamekosa nafasi katika uchaguzi wa kwanza, kwa sababu madarasa hayatoshi, wangoje yajengwe.

Sasa toa. Laki saba na thelathini na tatu elfu walifaulu kwenda sekondari. Miaka minne baadaye laki tano na ishirini elfu wakakaa kwenye mtihani. Pengo ni 212,545. Ukianzia mlangoni, kwa wale 943,318, waliofika mwisho na kufaulu ni asilimia 48 hivi. Siyo 87.

Najua hesabu hii si ya kitaalamu. Wapo waliokariri kidato cha pili na kuungana na wadogo zao, kama ambavyo wa miaka ya nyuma nao waliungana na hawa. Wapo waliokwenda VETA kujifunza ufundi, nao hawajapotea hata kidogo. Wapo waliohamia nje, wapo waliofariki. Ondoa wote hao, ndugu msomaji, kwa ukarimu wako wote, bado utabaki na umati mkubwa. Habari hii haikuwa ukurasa wa mbele, wala wa tano. Asilimia 87.79 haisemi uongo. Inasema juu ya waliokuwepo.

Wagogo ni wafugaji. Jioni ng'ombe wanaporudi, mwenye zizi husimama langoni. Sijapata kumwona mzee aliyesimama pale ili atangaze ng'ombe wake kumi walionona. Anawajua. Anachotazama ni nani hajarudi, na kijana mchungaji akianza kumsifia yule dume mwekundu, mzee humkatiza: yule ndama wa baka jeupe yuko wapi? Ndiyo maana nilisema waliobishana juu ya kumi bora walitazama mahali sipo. Wenye shule binafsi walilalamika kwamba jitihada zao zimefichwa. Watetezi wa usawa wakashangilia kwamba wanyonge wamesitiriwa. Wote walikuwa wanazungumza juu ya ng'ombe walio zizini.

Na pengo lile halitokei lenyewe. Sehemu yake ni umaskini, umbali wa shule, njaa, ndoa za mapema, mifugo. Hizo tunazijua na tumezihubiri. Lakini sehemu nyingine hutengenezwa, tena na sisi walimu, kwa sababu ya orodha na asilimia. Asiyefundisha huenda asielewe, basi nieleze. Kuna njia mbili za kupandisha asilimia ya kufaulu. Ya kwanza ni kuwafundisha walio dhaifu mpaka wafaulu. Hiyo inachukua miaka. Ya pili ni kuwaondoa walio dhaifu kabla ya siku ya mtihani. Hiyo inachukua barua moja. Mzazi huitwa, huambiwa kwa upole kwamba mtoto "hana kasi ya hapa", heri amhamishe. Au mtoto hukaririshwa darasa mpaka achoke mwenyewe. Baadhi ya shule binafsi zimeweka wastani wa kuvukia darasa kuwa juu kiasi kwamba mtoto ambaye taifa lingemwita amefaulu, kwao ni mzigo. Anapohamia shule ya kata, anaingia katika hesabu za shule ya kata, na bango la barabarani linabaki safi.

Shule za serikali nazo zilijifunza. Mwaka 2013 ulipoanza mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilipangwa kwa nafasi, kitaifa na kiwilaya, na nafasi hizo zikatangazwa. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichunguza kilichotokea, na mwaka 2021 wakachapisha walichokiona. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu. Hapo mwanasiasa angefunga kitabu na kuita waandishi. Watafiti waliendelea kufungua, wakakuta kwamba shule hizohizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani wa darasa la saba. Aibu ilileta gari, kama nilivyosema, lakini gari lilipofika mwalimu mkuu alikuwa ameshapunguza abiria.

Sikuhitaji utafiti kuliamini hilo. Miaka mingi kabla ya mpango huo, ofisa mmoja alikaa ofisini kwangu, akapitisha kidole kwenye orodha ya darasa la sita, akasema, "Mwalimu, hawa wazito unawapeleka wapi? Si uwabakize?" Aliyasema kwa nia njema kabisa, kama mtu anayekushauri upunguze miche shambani. Niliwapandisha wote darasa la saba na kuwasajili wote. Tulikuwa karibu na mwisho wilayani mwaka ule, na katika kikao nilikaa nyuma. Mmoja wa wazito wale leo ni fundi seremala. Mlango wa nyumba ninamokaa ni kazi yake, na hati ya malipo aliniandikia kwa mkono wake, kwa herufi zinazosomeka kuliko za daktari yeyote ninayemjua. Hakufaulu mtihani. Lakini mwaka wa saba aliupata, na mwaka ule ndio aliojulia kuandika.

Nani analaumiwa mambo haya yakivuka mpaka? Tulioko barabara hii ya kaskazini tuna mfano wetu. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya mtihani wa darasa la saba kwa shule zote za Halmashauri ya Chemba, mbele yetu kuelekea Kondoa, pamoja na baadhi ya shule za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa yenyewe, kwa sababu ya udanganyifu uliohusisha kuvuja kwa mtihani. Watoto wakarudia mtihani tarehe 8 Oktoba. Wilaya nzima, msomaji. Watoto wasiojua kilichofanywa na wakubwa waliamshwa, wakavaa sare zilizokwisha kufungwa sandukuni, wakaenda kuapishwa upya kwa kosa lisilo lao. Sisemi kwamba orodha ndiyo iliyoiba mtihani. Watu waliiba. Nasema kwamba unapomwambia mtumishi kuwa kazi yake yote itapimwa kwa tarakimu moja, usishangae akiishughulikia tarakimu badala ya kazi. Na watoto hao wa Chemba ni wa kundi lilelile la 2018 ambalo nimelihesabu hapo juu. Waliovuka, ndio waliofanya kidato cha nne mwaka ambao hapakutajwa kumi bora.

Kuna jambo la simu nalitaja kwa haraka kwa kuwa vijana hulisifu, nami pia nalisifu, ila nusu. Enzi zangu majina ya waliochaguliwa tuliyafuata ofisi ya elimu wilayani, tukayanakili kwa mkono, tukarudi nayo kwa basi tukiwa tumeyakunja mfukoni. Mzazi aliyapata kwa mwalimu, na pamoja na jina alipata neno la kumtia moyo. Leo mjukuu wangu anagusa kioo mara tatu na shule nzima iko mbele yake, namba kwa namba. "Babu, taja shule yoyote," ananiambia, kama mtu anayefanya mazingaombwe. Nikamtajia shule moja ya kata. Namba zikashuka: daraja la nne, la nne, sifuri, la tatu, sifuri. Kisha mahali fulani herufi tatu, ABS. Nikamwuliza ni nini. "Hakuwepo, Babu. Alisajiliwa ila hakufika." Hiyo ndiyo athari pekee ya asiyekuwepo ambayo teknolojia yetu imeihifadhi, na ni kwa aliyefika mpaka kusajiliwa. Aliyeondoka kidato cha kwanza hana hata ABS. Kioo kinapita juu yake laini kabisa.

Wasichana walikuwa wengi katika hao. Kundi hili la 2019 mpaka 2022 lilisoma karibu miaka mitatu kati ya minne likiwa chini ya agizo kwamba msichana aliyepata mimba asirudi shule ya kawaida. Novemba 2021 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliwaruhusu kurudi, na kwa hilo niliwahi kusimama kanisani nikapiga makofi peke yangu, mke wangu akanivuta koti. Lakini hebu fikiri: kwa miaka yote ile, kila msichana aliyefukuzwa aliipandishia shule yake asilimia, kama alikuwa miongoni mwa walio dhaifu darasani. Hakuna aliyekusudia hivyo. Hesabu haiulizi makusudio.

Sasa tumeambiwa mambo yatabadilika. Tarehe 1 Februari 2025, hapahapa Dodoma, Rais alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Elimu ya lazima itakuwa miaka kumi: sita ya msingi, minne ya sekondari. Nimeisoma habari hiyo katika magazeti mbalimbali, na wengi wa waandishi walishughulika na picha za uzinduzi, nani alikaa karibu na nani. Neno "lazima" walilipita kama jiwe la mpaka lililofunikwa na majani. Kama miaka kumi ni lazima, basi mtoto aliyetoweka katika mwaka wa nane ni jambo la sheria, na kuna mtu anayepaswa kuulizwa. Ataulizwaje, ikiwa habari za matokeo zinaendelea kuanza na waliofika?

Ninachokitaka ni safu moja tu zaidi. Katika ukurasa wa kila shule, juu kabisa, kabla ya daraja la kwanza na sifuri, iandikwe: walioandikishwa kidato cha kwanza ni wangapi, waliofanya mtihani ni wangapi, waliohamia ni wangapi na wametoka wapi. Kumbukumbu hizo Serikali inazo. Kila mwaka walimu wakuu hujaza fomu mpaka vidole vinakufa ganzi. Ikiandikwa safu hiyo, sitajali tena kama Baraza litawatangaza kumi bora au halitawatangaza. Wawatangaze hata mia. Bango la barabarani nalo lilazimishwe kuandika tarakimu hizo mbili za kwanza chini ya picha za watoto, kwa herufi za ukubwa uleule. Nina hakika baadhi ya mabango yangeshushwa usiku.

Nililiandikia gazeti moja hoja hii, likaichapa nusu. Iliyobaki ilikuwa ile sehemu ya mabango, na juu yake wakaweka picha ya msanii.

Mwezi huo nilikwenda kumwamkia mkuu wa shule ya sekondari ya kata isiyo mbali sana na hapa, kijana mwema niliyewahi kumfundisha darasa la tatu. "Mbukwa, Mwalimu," akanipokea, akanipa kiti chake, yeye akakaa kwenye dawati. Nilimwomba anioneshe rejista ya uandikishaji ya mwaka 2019. Akasita, kisha akaitoa kabatini, akapangusa vumbi kwa kiganja. Tukashuka nayo pamoja, jina kwa jina. Pembeni, kwa wino mwekundu, kuna mkono uliokuwa umeandika: amehama. Mtoro. Mtoro. Amehama. Mtoro. Ameolewa. Mtoro. Amefariki. Tulipofika ukurasa wa pili kulikuwa na msichana ambaye mbele ya jina lake hapakuandikwa kitu, na namba ya mtihani hana.

"Na huyu?" nikamwuliza.

"Huyo yupo, Mwalimu," akasema. "Anauza ubuyu pale kituo cha mabasi. Hata leo asubuhi ameniamkia."

Alichukua kalamu, akaishika juu ya nafasi ile iliyo wazi, akawa anafikiri aandike nini.